Bwana Shamba na Mistari ya Angani

Bwana Shamba hakuwa na kawaida ya kusalimia kwenye simu. Ukipokea tu unasikia, "Umeuona?" Halafu kimya, kana kwamba anakupa muda wa kutoka nje. Nami nilitoka. Nilisimama uani kwangu Mbwawa, Kibaha, simu sikioni, nikatafuta angani mpaka nikaukuta: mstari mweupe, mwembamba mbele na mpana nyuma, ukitoka kusini kwenda kaskazini juu ya mabati mapya ya majirani. Ndege yenyewe mara nyingi huioni. Ni zile zinazopita juu kabisa, ambazo hazina shida na uwanja wetu wa Dar.

"Nimeuona, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe mwandishi gani unayepewa habari na wastaafu?"

Kisha anakata. Nyumba yake ilikuwa jirani na yangu kiasi kwamba angepaza sauti kidogo tungesikilizana. Lakini alipiga simu. Nilikuja kuelewa kwamba simu ilikuwa na faida moja ambayo sauti ya kupaza juu ya ua haina: mtu akipokea, ni lazima aseme kitu.

Alikuwa amestaafu ugani wa kilimo, kazi ya kuwashauri wakulima. Jina lake alilopewa na wazazi lilibaki kwenye bili ya umeme. Mtaa mzima ulimwita Bwana Shamba, hata watu waliohamia Mbwawa juzi kutoka Kilimanjaro na Mbeya, ambao hawakuwahi kumwona akiwa kazini. Alivaa suruali iliyopigwa pasi na kuichomeka ndani ya viatu vya mvua, kiangazi na masika, na kichwani kofia ya pama iliyochakaa ukingo. Hakuingia ndani kwa mtu kabla ya kukagua ua. Siku ya kwanza aliponitembelea alipita moja kwa moja mpaka kwenye mchicha wangu, akachukua udongo kidogo, akausugua kwa kidole gumba, akaunusa.

"Nani kakupandia hii?"

"Mwenyewe."

"Usimwambie mtu."

Hiyo ndiyo ilikuwa karibu yake kwangu mtaani. Baada ya hapo tulikuwa majirani.

Alikuwa na neno alilolirudia kila mazungumzo yalipopanda. Watu wakianza kubishana kuhusu dini, siasa au timu za mpira, alinyanyua kiganja na kusema, "Turudi ardhini." Lilikuwa neno zuri, na mara nyingi lilituliza watu. Kasoro yake ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa haangalii ardhini. Niliishi jirani na mtaalamu wa kilimo ambaye kutwa nzima shingo yake ilikuwa imepinda nyuma.

Uani kwake kulikuwa na kamba ndefu ya kuanikia nguo. Nilipoitazama vizuri niliona ina mafundo, yote kwa umbali mmoja. Ilikuwa kamba ya kupandia. Wawili wanaivuta ikakaza, kila penye fundo inaingia mbegu, na shamba linatoka na mistari ambayo hata mkaguzi akija hana la kusema. Ni kazi ya watu wawili, mmoja huku na mmoja kule. Mke wake alikuwa amefariki kabla sijahamia, na mtoto wake wa pekee alikuwa anafanya kazi Mwanza. Kwa hiyo kamba ile ilifungwa kwenye mlingoti na kwenye mpapai, na mashati yake yalining'inia fundo kwa fundo, kwa nafasi inayotakiwa kwa mahindi.

Mahindi yenyewe hakuyapanda. Alikuwa na mihogo, migomba kidogo, bamia, na matembele yaliyoufaa mtaa mzima. Kila vuli na kila masika niliona kipande cha ardhi mbele ya nyumba yake kimelimwa vizuri, kikaachwa wazi mpaka majani yakaota. Nilipomuuliza alisema ardhi ya Mbwawa haipendi mahindi. Alisema hivyo huku mahindi ya jirani yakiwa yamepita urefu wa ua na kumwekea kivuli kofiani.

Kuhusu mistari ya angani, ambayo alishuku inafukuza mvua, alikuwa na hoja moja ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine. Alisema mawingu hayana mistari iliyonyooka. Mto haunyooki, njia ya ng'ombe hainyooki, hata mwanzi ukiutazama vizuri una kona. "Kitu kikinyooka namna ile," aliniambia, "ujue kuna mtu amesimama upande mmoja na mwingine upande wa pili. Kimepangwa."

"Ni njia ya ndege, Mzee. Ndege inaenda moja kwa moja."

"Na inachoacha?"

"Mvuke."

"Mvuke," alisema, kama mtu anayetaja jina la mkwe asiyempenda.

Jioni alikaa kwenye benchi la duka la Mangi, muuza duka wetu, na hapo ndipo mjadala ulipokuwa. Vijana wa bodaboda walimngoja afike.

"Bwana Shamba, leo wamepuliza mingapi?"

"Wewe cheka. Siku unga ukipanda utanitafuta."

"Unga ukipanda tutakula matembele yako."

"Ndiyo maana nayapanda mengi. Nawajua."

Walimtania, lakini walimwachia nafasi kwenye benchi. Aliyemsumbua hasa hakuwa mmoja wa wale waliocheka. Alikuwa fundi cherehani aliyekuwa na kibanda pembeni ya duka, ambaye aliamini kila video iliyoingia kwenye simu yake. Fundi alisema ndege zinamwaga dawa ili watu wasizae, na alipoona watoto wa mtaa hawaishi kuongezeka, akasema dawa yenyewe inachukua muda. Alimpenda sana Bwana Shamba. Alimwita "mwenzangu".

"Mimi si mwenzako," Bwana Shamba alimwambia siku moja, mbele ya watu wote. "Wewe una video. Mimi nina mashaka. Ni vitu viwili."

"Lakini tuko upande mmoja, Mzee."

"Hatuko. Wewe umeshajua. Mimi sijajua, ndiyo maana naangalia."

Fundi alinyanyua cherehani yake na kuiingiza ndani mapema jioni ile. Hakumwita mwenzangu tena. Muda si mrefu Bwana Shamba alitolewa pia kwenye kundi la simu la mtaa, kwa sababu mwenyekiti wetu alituma video ya ndege ikimwaga moshi na yeye akamjibu, watu wote wakisoma, kwamba ile ni ndege ya kuzima moto na kiongozi anatakiwa kusoma kabla ya kutuma. Hivyo ndivyo alivyobaki. Waliocheka walimwona ni wa fundi, na wa fundi walimwona ni msaliti.

Aliwahi kusimama kwenye mkutano wa mtaa. Ajenda ilikuwa dampo. Alivua kofia yake na kusema kwamba huko duniani wakubwa wanajadili kunyunyizia anga vitu ili kupunguza makali ya jua, na kwamba wengine wanaona ni dawa ya joto hili na wengine wanaogopa itavuruga mvua. Alikuwa sahihi, mjadala huo upo. Kisha akauliza, "Sisi tunaolima kwa kungoja mvua, tumeulizwa?"

"Mzee wangu," mwenyekiti alisema, "ajenda ni dampo."

"Dampo ni ajenda yako. Anga ni ajenda ya nani?"

Watu walicheka, lakini kicheko kilikatika haraka. Bwana Shamba akavaa kofia, akaondoka. Nilikuwa nimekaa nyuma, na katika daftari langu la kazi niliandika swali lake. Ni swali la maana, na hata leo sijaona mahali lilipojibiwa.

Lakini swali moja zuri halikunieleza zile simu. Mtu mwenye hoja ya kisiasa hapigi simu kila mstari unapopita. Kazi yangu ikanipeleka Dar kuzungumza na mtaalamu wa hali ya hewa juu ya jambo jingine, nikatumia nafasi hiyo kumuuliza. Alinieleza kwa upole. Mistari ile ni mvuke unaotoka kwenye injini na kuganda kwa baridi ya huko juu. Hewa ikiwa na unyevu, mstari unakaa na kutanuka. Ikiwa kavu, unafutika upesi. Habari ya kupunguza jua inajadiliwa kweli na ina mabishano makubwa, ila tunachokiona juu ya Kibaha sicho hicho.

Nilimpelekea Bwana Shamba jibu hilo kama mtu anayepeleka dawa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyanyuka, akafungua friji lake na kuniambia, "Pumua hapa." Nikapumua. Wingu dogo likatoka mdomoni mwangu, likapotea juu ya birika la maji.

"Mvuke," alisema. "Nimewafundisha watu hivyo maisha yangu yote, na friji sikuwa nalo. Unadhani sijui?"

"Sasa kama unajua?"

Alifunga mlango wa friji na kubaki ameushika.

"Kama ni mvuke tu," alisema, "basi mahindi ya Kurui niliyaua mimi."

Hapo ndipo nilipoisikia habari ya Kurui, kule Kisarawe, kituo chake cha mwisho kabla ya kuhamishiwa ofisini Kibaha. Vuli ya mwaka ule ilipiga mapema na kwa nguvu. Yeye aliitazama ardhi, akaona imelowa vizuri, akaita wakulima na kuwaambia wapande mara moja, wote, kwa kamba. Walimkubalia. Walimpigia makofi. Kisha mvua ikakatika. Kila alipopita na pikipiki aliona mahindi ya pande zote za barabara yakinyong'onyea, yakageuka manjano, yakakauka kama nyasi za kuezekea. Mistari ilikuwa imenyooka, kama alivyowafundisha, na ndani yake hakukuwa na kitu.

"Kipindi hicho nilianza kuangalia juu," alisema. "Nikaiona ile mistari. Sijui kama ilikuwepo siku zote. Kabla ya hapo sikuwa na sababu ya kuangalia."

Aliomba uhamisho mwenyewe. Hakuaga. "Mtu aliyepoteza mbegu za watu anaaga vipi?"

Nikaelewa kwa nini kile kipande cha mbele ya nyumba hakikupandwa. Nikaelewa pia kwamba nilichomletea kutoka Dar hakikuwa dawa. Ndege zikiwa na hatia, yeye hana. Zikiwa hazina, hana pa kuiweka. Na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, hakuweza kuiamini hatia hiyo wala kuiacha.

Baadaye nilitumwa kuandika habari za korosho Kisarawe. Nilimwambia ninapita Kurui, gari lina nafasi. Akasema hana haja. Asubuhi ya safari nilimkuta amesimama langoni kwangu, suruali imepigwa pasi upya, kofia mkononi.

Tulikwenda kwa njia ya Mlandizi, tukapita Mzenga, na kadiri tulivyosonga ndivyo alivyopunguza maneno. Tulipokaribia aliniomba nipunguze mwendo. Aliangalia pande zote mbili za barabara. Kulikuwa na mihogo na mikorosho, na vijishamba vya mbaazi vilivyokaa ovyoovyo. Hakukuwa na mstari hata mmoja.

Mwenyeji wetu alikuwa bibi mmoja aliyewahi kuwa katibu wa kikundi cha wakulima. Alikuwa anabangua korosho barazani, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Alimtazama mgeni wake kwa muda, kisha akacheka hadi akalazimika kuegemea nguzo.

"Kofia ile ile," alisema. "Bwana Shamba, hivi wewe huzeeki au hununui?"

"Shikamoo, mama."

"Tuache hizo, tunalingana. Karibu kiti. Tulikufungia kuku wa kukuaga, hukuja. Kuku mwenyewe akazeeka, tukamwita jina lako."

Alikaa. Hakunywa chai. Alikuwa ameyabeba maneno yale miaka mingi, na aliyatoa yote kwa mkupuo: ile vuli, amri yake ya kupanda, mahindi yaliyokauka, mbegu zilizopotea. Alimwomba radhi yeye na kijiji. Bibi aliacha kubangua.

"Mahindi yapi?"

"Ya barabarani. Kutoka shule mpaka kisimani, pande zote mbili."

"Aa, yale." Bibi alinitazama mimi, kama anayetaka msaada, kisha akamrudia. "Baba, yale yalikuwa ya kwako."

"Ya kwangu vipi?"

"Tulikuwa tunapanda ukanda wa barabarani kwa kamba yako, ili ukipita uone. Tuliuita shamba la mgeni. Yetu yalikuwa nyuma, huko bondeni, kwa nafasi zetu na kwa siku zetu. Nani angemwaga mbegu zote kwa mvua ya kwanza?"

"Lakini mlikubali. Mlipiga makofi."

"Ulikuwa unasema vizuri."

"Nilikuja mashambani. Nilikagua."

"Ulikuja mpaka barazani. Ulikunywa chai hapo hapo ulipokaa. Halafu ukapanda pikipiki, shingo kulia, shingo kushoto, ukaenda zako umefurahi." Alisema bila kejeli. "Tulikupenda, Bwana Shamba. Aliyekutangulia alikuwa anatutukana. Tukasema huyu asikose cha kuandika huko kwao, wasije wakamhamisha."

Bwana Shamba aliishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo hamkupata hasara."

"Hasara tulipata. Mwaka ule ulimpiga kila mtu. Sisi tulingoja mno, mvua ndogo ya pili ikapita tukiwa bado tunabishana. Tulikosea kwa akili zetu wenyewe. Tukala mihogo. Lakini wewe hukuhusika."

"Hata mtu mmoja hakupanda kwa neno langu? Shamba lake lenyewe?"

Bibi alifikiri kweli. Niliona anatafuta kwa nia njema, mtu hadi mtu, nyumba hadi nyumba, apate angalau mmoja wa kumpa.

"Hapana," alisema. "Hata mmoja."

Kisha, kama aliyeona kwamba hilo halikutoka vizuri, akaongeza, "Ila ile kamba ilikuwa nzuri. Upande wa pili nilikuwa nashika mimi."

Njiani kurudi tulifika Mlandizi. Hapo ndipo aliposema, kama anayezungumza na kioo cha mbele, "Nilidhani nimewaharibia." Baada ya muda akasema tena, "Afadhali." Lakini neno hilo alilitamka kwa sauti niliyokuwa sijaisikia kwake. Mtu aliyekuwa na kosa kubwa ameambiwa hana. Pamoja na hilo, ameambiwa kwamba miaka yake yote Kurui alikuwa anaongea peke yake, na watu wanampigia makofi kwa adabu.

Simu zikakoma. Mistari iliendelea kupita, mimi naiona, na simu yangu imekaa mezani kimya. Kwenye benchi la Mangi vijana waliniuliza, "Mzee yuko wapi? Siku hizi wanapuliza bure." Walisema kwa utani, lakini nafasi yake kwenye benchi hakuna aliyeikalia. Fundi pia aliuliza, kwa kuzungukazunguka, kama kuna mtu amemwona. Nilipita langoni kwake mara kadhaa nikakuta pamefungwa, redio inaongea ndani.

Asubuhi moja karibu na masika, niliona mstari mrefu kuliko kawaida, umeikata anga yote ya Mbwawa vipande viwili. Niliungoja kidogo. Simu haikulia. Nikaenda.

Lango lilikuwa wazi. Mashati yake yalikuwa yametandazwa juu ya ua wa michongoma, bila mpango wowote. Kamba haikuwepo kwenye mpapai. Alikuwa mbele ya nyumba, kwenye kile kipande, amechuchumaa na viatu vyake vya mvua, na kando yake bakuli la mbegu za mahindi. Ncha moja ya kamba ameifunga kwenye kigingi. Nyingine alikuwa anaivuta mwenyewe kwa mkono wa kushoto huku akichimba kwa wa kulia, na kila alipochimba, kamba ilipinda.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba."

"Umeuona?"

Hakunyanyua kichwa. "Ni mvuke," alisema.

"Na lile swali la mkutanoni?"

"Lile libaki. Liandike, wewe ndiye mwandishi." Alipima shimo kwa vidole. "Lakini huu wa leo ni mvuke."

Nikamuuliza kama sasa ardhi ya Mbwawa inapenda mahindi. Akasema hajui, hajawahi kuiuliza. Kisha akang'oa kigingi, akakitupa pembeni, na kuninyooshea ncha ile ya kamba.

"Shika huo upande."

Nilivua viatu nikaingia shambani. Nikarudi kinyumenyume mpaka mwisho wa kipande, nikachuchumaa, nikavuta. Kamba ikanyanyuka kutoka ardhini, mafundo yakajipanga. Alianza kutoka upande wake, fundo kwa fundo, mbegu mbili mbili, akifukia kwa kisigino. Mstari ule wa juu ulikuwa umeanza kutanuka na kulegea, na bila kufikiri nikainua macho kuutazama.

"Usiangalie juu," alisema Bwana Shamba. "Ukiangalia juu unalegeza."